Wa Tatu Kuimba

Katika duka moja la redio hapa Garissa, muuzaji alikuwa akiwapigia wateja disko hadi vioo vikatetemeka. Mama mmoja wa Wajir akamnyooshea kaseti.

“Toa hiyo. Weka hii.”

Muuzaji akaiweka, akasikiliza kidogo. “Mama, hizi ni nyimbo za kunywesha ngamia! Hazina besi.”

“Marehemu ndugu yangu ni wa tatu kuimba humo. Wallahi, redio nitakayomsikia vizuri ndani yake ndiyo nitanunua.”

Kwenye redio kubwa mngurumo ulimmeza ndugu, mama hakumsikia. Ya pili pia. Muuzaji akaguna, mama akakalia boksi, hatoki. Kwenye ya tatu, ndogo kabisa, akainua kidole.

“Huyo! Rudisha.”

Muuzaji akarudisha mara nne, bila kuguna.

Msomaji, ukienda kununua redio, beba sauti unayoijua. Mimi tayari nimemrekodi jirani akimgombeza mumewe.