Nauli ya Kuvuta Kamba

Katika stesheni ya Morogoro, mzungu wa shamba la mkonge alikuwa akimweleza safari yake mama mmoja muuza ndizi kutoka Matombo. Anakwenda Ulaya kupanda merikebu ya matanga, ikashindane na nyingine baharini.

"Watakulipa ngapi, bwana?"

"Nalipa mimi, mama. Nitavuta kamba na kusugua sitaha."

Mama akatua mkungu chini. "Ulipe, na kazi ufanye? Kwetu anayekuja kumlimia mwenzake hupikiwa ugali na togwa."

"Lakini haya ni mashindano!"

"Hata mimi nashindana. Mvua hiyo inakuja, mume wangu kavunjika mguu, shamba halijaguswa. Njoo ulime, sikutozi kitu!"

Sisi tuliokuwa tukisikiliza hapo stesheni tukaangua kicheko. Treni ikaja, mzungu akapanda huku akifuta machozi ya kucheka. Mama hakucheka. Alikuwa akitutazama sisi tuliobaki.

"Togwa utapika kweli?" akauliza mpagazi mmoja.

"Nitapika, baba."

Jumamosi tulikwenda watu kadhaa, tukalima mpaka viganja vikatoka malengelenge, tukashiba, tukaimba. Wakati wa kurudi ndipo nilipomwelewa yule bwana: nauli ya lori hadi Matombo nilikuwa nimejilipia mwenyewe.