Karani wa Vidole

Mama dobi alimjua karani wa ruzuku kwa vidole vyake, maana uso hakuwa akiuinua. Kila mzee alipoketi, karani alipulizia kioo cha mashine, akakifuta kwa pindo la shati, kisha akakibonyeza kidole cha mzee taratibu, akinong'ona kama aliye kando ya mgonjwa: "Tuone kama bado upo." Mashine ikikutambua, unapata ruzuku ya chakula, isipokutambua, unahesabiwa marehemu.

Siku hiyo taa iliwaka nyekundu. Sabuni ya miaka mingi ilikuwa imezilamba alama za vidole vya mama dobi.

"Inasema hakuna mtu."

"Basi iulize tumbo langu, mwanangu."

Karani hakucheka. Alijaribu gumba, akajaribu mkono wa pili, nyekundu. Mwishowe, ili kuhakikisha mashine ni nzima, akaweka kidole chake mwenyewe. Nyekundu. Akakifuta, akakirudisha, akakifuta tena, kisha akamwinulia mama dobi uso wa mtu anayengoja kuambiwa. Mama dobi akaushika mkono wake, akaupekecha kama wa mtoto aliyetolewa majini.

"Upo, mwanangu," alisema. "Na mimi je?"

Mkono wa karani haukupata joto.