Baruti Iliyokwenda Harusini

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa karakhana ya silaha pale Nizwa hakunionesha bunduki. Alinionesha mlango.

"Huu unafunguka kwa nje," aliniambia. "Unajua kwa nini?"

Nikasema sijui.

"Baruti ikishika moto, mtu asukume tu atoke. Haya, toa kibiriti mfukoni."

Nilikuwa nimefika Oman kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini, fundi wa cherahani na saa, Kiarabu changu cha kuchekwa. Msimamizi alikulia Tabora, basi tukisemezana Kiswahili, chake kimechanganyika na Kiingereza cha ofisini. Nilikitoa, nikarudi hatua moja nyuma, naye akaona.

"Vizuri," alisema. "Asiyeogopa simtaki humu."

Nyakati zile wazee wengi wa mikoa ya Dakhiliya na Sharqiya walikuwa na bunduki kongwe za kurithi, na risasi zake madukani hazipatikani tena. Basi maganda ya shaba yaliokotwa baada ya kupigwa, yakajazwa upya. Ganda husafishwa, likatazamwa kama lina ufa, kisha likabanwa ndani ya kalibu ya chuma lirudi umbo lake, kwani moto hulitanua. Kitakoni hutiwa fataki mpya, kile kikombe kidogo kinachogongwa na pini ya bunduki kikawasha baruti. Baruti hupimwa kwa mzani, ikamiminwa, na mwisho kichwa cha risasi hukazwa mdomoni mwa ganda. Kipimo kikiwa sawa kila mara, risasi zote hupiga mahali pamoja. Kikizidi, mpigaji ndiye anayepigwa.

"Mkebe mmoja tu wa baruti mezani," alikuwa akisema msimamizi. Ziko baruti za namna nyingi. Nyingine huwaka polepole, nyingine kwa kasi, na kwa jicho la haraka zinafanana. Ukitia ya kasi kwa kipimo cha ile ya polepole, kasiba, yaani mtutu, inaweza kupasukia usoni mwa mtu. Jambo hilo lilininyima raha. Kabla ya kukaza vichwa nilimulika kila ganda kwa tochi nione baruti imefika wapi, nikamaliza trei, nikaanza tena. Mke wangu, Bi Zuwena, alinisema: "Siku hizi hata chai unaichungulia kwanza."

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Ibra, chini ya afisa wa silaha, askari mstaafu mwenye maneno machache. Kazi yangu ikawa kuwatembelea wazee waliojaza risasi wenyewe majumbani, kuwakagulia na kuwafundisha. "Usimvunjie mtu heshima nyumbani kwake," alinionya. "Lakini usitoke hujaiona baruti yake."

Katika kijiji cha Samad alikuwapo mzee Shaibu Nasor, aliyewahi kuwa na duka Pemba. Kila nikienda nilifurahi, maana tulizungumza ya kwetu. Meza yake safi, mzani wake umefunikwa kitambaa. Siku moja nilimkuta anapanga vyombo.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa."

Nikauona mkebe wa baruti umejaa mpaka mdomoni. Mara ya mwisho nilikuwa nimeuacha nusu.

"Umenunua nyingine, ami?"

"Nimeletewa zawadi kutoka Bidiya. Nilikuwa na nusu hii na nusu ile, nikazitia pamoja."

Nilimwaga kidogo juu ya karatasi nyeupe, nikaisogeza dirishani. Zilikuwamo punje ndefu kama vijiti, na katikati yake vibapa vyembamba. Baruti mbili.

"Umeshajazia risasi?"

"Za harusi ya mjukuu wangu. Wamezichukua asubuhi."

Harusi ilikuwa kijiji cha milimani, wilaya ya Dima wa Tayyin, na baada ya sala ya alasiri wanaume wangeshindana kulenga shabaha. Nilimwambia Shaibu kinachoweza kutokea. Akavaa kilemba chake, akapanda gari ya ofisi pamoja nami.

Njia ilikuwa mawe matupu. Nilitamani kwenda mbio, nikiogopa kuvunja gari tusifike kabisa.

"Ukizikusanya mbele ya wageni," alisema Shaibu, "wataona nilitaka kuwaua."

"Na nisipozikusanya, ami?"

Tulipoingia kijijini tukasikia mlio mmoja, kisha kimya. Nilishuka mbio.

Mpwa wa Shaibu, Saidi, alikuwa amesimama mbele ya wenzake, mzima, anaipiga bunduki kwa kiganja. Ganda limetanuka, limenasa, bunduki haifunguki.

"Iache hivyo hivyo, usiipige," nilimwambia.

"Imekwama tu. Nipeni nyingine."

Mwenzake alikuwa ameshamnyoshea kitako cha bunduki yake. Hapo Shaibu Nasor alitembea mpaka mbele ya mistari ya watu, akasimama kati yao na shabaha, akasema kwa Kiarabu kila mtu asikie: "Baruti yangu ni mbovu. Nimeichanganya mimi. Nirudishieni."

Akakivua kilemba, akakitandaza chini. Sikuwahi kumwona kichwa wazi mbele ya watu. Saidi akawa wa kwanza kuinama na kuweka risasi zake, na wengine wakafuata. Hakuna aliyecheka. Nilipolichomoa lile ganda baadaye, fataki yake ilikuwa bapa kama sarafu, dalili kwamba moto ulizidi kipimo.

Tukirudi Shaibu aliniambia, "Macho yameanza kuniongopea. Nikijaza tena, uje ukae nami." Nikaenda kila aliponiita, mpaka alipofariki kitandani mwake, Mungu amrehemu.

Nilimalizia utumishi Sur, nikastaafu. Vijana huniuliza kama nimepumzika. Juzi nilialikwa kahawa kwa mtu, nikaona bunduki ya babu yao imetundikwa ukutani, na watoto wanacheza chini yake.

"Haina kitu," mwenyeji aliniambia. "Miaka mingi ipo hapo ni pambo tu."

Nikaomba niishushe. Alitabasamu, akaniruhusu kwa heshima ya uzee wangu. Nikaifungua, nikaitoa risasi iliyokuwamo ndani, nikaiweka kwenye sinia, kando ya tende. Mwenyeji aliitazama. Kisha akawaita watoto, mmoja mmoja kwa jina, waje wakae karibu yake.