Kangaga la Mama Mwalimu

Juzi nikipita kwa muuza maua wa Kapsoya, niliona kangaga ndani ya kopo la rangi, vijiti vyake vyeusi vyembamba kama nywele, majani madogo yakitetemeka hata bila upepo. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza, "Mama, unanunua ama unasalimia?"

Nikamwambia ninasalimia.

Ngoja nikueleze. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa na miaka kumi na tano, kifungua mimba, na wadogo zangu wawili wakinitazama. Niliacha shule nikapata kazi ya kufua na kupiga deki kwa mwalimu mstaafu huko mtaa wa West Indies. Nilimwita Mama Mwalimu. Shangazi alikuwa ameniambia wazi: kazi hiyo ikinishinda, mdogo mmoja angeenda kwake na mwingine kwa mjomba.

Nyumba ya Mama Mwalimu ilinukia chai ya maziwa na sabuni ya kipande. Sebuleni, mbali na dirisha, kangaga lake lilikaa juu ya sinia la kokoto zenye maji. Alilimwagilia maji ya mvua tu, na kila asubuhi alitia kidole kwenye udongo kama anayepima joto la uji wa mtoto. Wageni waliliita ua, ingawa halikuwahi kuchanua.

Januari moja alisafiri siku nne kumwona bintiye. Mimi, mtoto wa shamba, nililionea huruma kangaga kukaa kivulini. Kwetu kila kilichoota kilitaka jua. Nikaliweka nje kwenye ngazi, nikasahau kulirudisha. Siku ya tatu nilipolishika, lilivunjika mkononi kama majani ya chai.

Nilifikiria kulitupa na kusema limeibwa. Lakini nilimngoja langoni, nikamwambia kabla hajatua mkoba.

Akaliangalia. "Kwani ulikuwa unakausha mboga?"

"Nilidhani linataka jua, Mama. Utanifuta?"

"Nikufute, halafu nani atalimwagilia? Leta makasi."

Alikata kila kijiti mpaka udongoni. Nililia. "Acha hiyo," akasema, "hatuko matangani. Mizizi iko hai."

Wageni walimcheka. "Mwalimu, siku hizi unafuga udongo?" Naye akawajibu kwamba amelinyoa mwenyewe, lilikuwa limezeeka. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, nikisikia kila neno.

Wiki ya tatu aliniita kabla hata ya chai. Vichipukizi vitatu, vimejikunja kama ngumi za mtoto mchanga.

Nyumba ile ilibomolewa, pakajengwa ghorofa. Mama Mwalimu alishapumzika. Wadogo zangu walilala chumba kimoja nami mpaka wakamaliza shule, na leo wana watoto wao. Hawajui walivyokaribia kutenganishwa mwezi ule. Sikuwaambia, na Mama Mwalimu hakumwambia mtu nani alilikausha kangaga. Tulikuwa wawili tu tuliojua, na sasa nimebaki mimi. Ndiyo maana nimekuambia wewe.