Jouli Zilizonipeleka Zahanati

Sisi tuliosoma sekondari Nyamuswa, maabara yetu ilikuwa darasa lenye meza mbili na kipimajoto kimoja. Kopo la siagi la kutilia maji ya jaribio tuliliviringishia gunia ili joto lisitoroke. Wavulana walikuwa wakikizunguka kipimajoto hicho, sisi wasichana tukibaki kunakili majibu. Halafu mwalimu wa fizikia akatangaza kwamba asiyepima mwenyewe jouli, yaani kiasi cha joto linaloingia kwenye maji, hatamwandikisha mchepuo wa sayansi.

Niliamua kufanya mazoezi nyumbani. Mama alikuwa ameazima kipimajoto kwa sista wa zahanati, maana mdogo wangu alikuwa na homa. Nikakichukua, nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka jikoni. Pwaa! Kikapasuka.

Mama hakunichapa. "Wakuru, utaenda mwenyewe kumwambia sista. Mimi sikusindikizi."

Nikaenda peke yangu. Sista alinisikiliza, akauliza, "Ulikuwa unatafuta nini humo kwenye maji?"

"Jouli, sista."

Alicheka mpaka akashika meza. "Kile mwisho wake nyuzi arobaini na mbili, mtoto. Maji yakichemka yanakaribia mia!" Kisha akaacha kucheka, akanipa fagio: Jumamosi tatu nifagie zahanati. Nilifagia zote tatu. Habari zikafika darasani, wakaniita Jouli, nami nikaitika.

Siku ya kupima ilipofika, nikasimama kabla sijaitwa. "Mwalimu, naomba nianze mimi."

Nikakisoma kipimajoto. Nusu kilo ya maji, kutoka nyuzi ishirini na tano hadi arobaini na tano. Nikaandika ubaoni: jouli elfu arobaini na mbili, yaani kama kalori elfu kumi. Mwalimu akakokotoa upya, akakokotoa tena.

"Sahihi. Nani mwingine?"

Msichana wa pili akanyanyuka, kisha wa tatu. Jioni ile majina yetu yote matatu yalikuwa kwenye orodha ya sayansi.

Leo naishi Musoma, na binti yangu anasoma somo lilelile. Jaribio analitazama kwenye simu amejilaza kwenye kochi, maji yanachemka kwenye kioo, jibu linatokea kabla hajamaliza karanga zake. Nikimwambia apime mwenyewe ananijibu, "Mama, nyie mlikuwaga mnajitesa." Huenda ni kweli. Anajua mengi kuliko nilivyojua mimi. Ila ile raha ya kuling'ang'ania jambo likikuunguza, mpaka lenyewe likuachie, natamani angeionja hata mara moja.