Sifuri ya Tarehe Tisa

Wanafunzi walimwita Mama Milimita, naye aliitika. Aliajiriwa shuleni kwetu kufagia madarasa na kudeki maabara. Kazi ya kupima mvua nilimwongezea mimi, mwalimu wa jiografia, kwa sababu kila mwanafunzi niliyempa aliniletea namba alizozitunga kitandani. Yeye hakutunga. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, awe na mafua au awe na wageni nyumbani, aliegemeza ufagio ukutani, akaenda nyuma ya maabara kwenye kipimamvua, akamimina maji yake ndani ya glasi yenye mistari na kuinama mpaka jicho likawa sawa na maji. Kisha aliandika. Kumi na mbili nukta nne. Sifuri. Tatu. Hivyo kwa miaka kumi na minne.

Na mdomo alikuwa nao. Wanafunzi wakimcheka kwamba anahesabu matone, aliwajibu, "Haba na haba hujaza kibaba. Kelele zenu zinajaza nini?" Hata mimi hakuniacha. "Mwalimu, umejaa chaki mpaka masikioni. Ulikuwa unafundisha au unapiga chokaa?"

Sheria zangu kwake zilikuwa mbili. Siku ambayo hakupima achore mstari, asiandike sifuri, maana sifuri ni kusema ulitazama ukakuta hakuna kitu. Na kila mwisho wa mwezi aniletee daftari nitie sahihi. Nilitia kwa kalamu nyekundu, na mara nyingi niliongeza neno "Safi". Niseme ukweli mapema kabla sijaanza kujipamba: sikuwa nasoma. Nilikuwa mvivu, na uvivu huo niliuita kumwamini mtu.

Kati ya shule yetu na shule ya msingi ya jirani unapita mtaro mpana, na juu yake zimelazwa mbao mbili. Wakati wa kiangazi mtaro huo ni takataka tu. Miaka kumi na moja iliyopita, mwezi wa nne tarehe tisa, maji yalizibeba zile mbao pamoja na binti yake Mama Milimita. Alikuwa mtoto wake wa pekee, wa miaka minane. Shule nzima tulikwenda kuzika. Baada ya wiki mama mtu alirudi kazini, akashika ufagio wake, na hakuna aliyemsikia akilia. Tukasema amepoa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hiyo nilishaisikia darasa la jirani likiikariri kwa sauti, na haikunisaidia kitu. Mbao nyingine mbili zikawekwa, maisha yakaendelea.

Mwaka huu yakaja mashindano. Kila shule itoe timu ya wanafunzi watano, watafute tatizo moja la mtaani kwao linaloletwa na mabadiliko ya tabianchi, walete suluhisho lenye vipimo. Timu itakayoshinda, mradi wake utajengwa. Timu yangu ilichagua mtaro. Kiongozi wao, msichana mbishi tuliyempa jina la Wakili, alichora mtaro wenye kuta za mawe na daraja dogo la zege lenye vyuma vya kushika pande zote mbili. Mafuriko yale waliyasikia mtaani, lakini habari za yule binti hawakuzijua. Walikuwa wadogo mno wakati ule, na sisi wakubwa hatukuwaambia.

Ili kujua mtaro uwe na upana gani, walihitaji kujua mvua hunyesha kiasi gani. Mama Milimita aliposikia, alifungua kabati la vifaa vya usafi, akatoa madaftari kumi na manne yaliyofungwa kwa kamba. Kisha akaushika mchoro wa daraja, akautazama kwa muda mrefu.

"Hivi vyuma," akamuuliza Wakili, "mtoto wa miaka minane atavifikia?"

"Atavifikia, Mama. Labda nivishushe kidogo."

"Shusha."

Siku ya mashindano alikuja nasi, amevaa viatu vya kuazima vinavyombana, akakaa safu ya nyuma kabisa. Watoto walieleza mradi wao vizuri mno. Jaji mkuu, mama mmoja mpole aliyekuwa mhandisi wa mifereji, aliyapenda madaftari kuliko hata mchoro. Aliyafungua moja moja, akasema hajawahi kuona kumbukumbu ya shule iliyotunzwa namna ile. Kwenye ukurasa mmoja mkono wake ukasita.

"Mmesema mafuriko makubwa kuliko yote yalikuwa mwezi wa nne tarehe tisa, na ndiyo sababu ya daraja lenu. Mbona siku hiyo hapa pameandikwa sifuri?"

Wakili akasogea kutazama. Walikuwa wamejumlisha mvua kwa miezi, siku moja moja hawakuikagua. Chini ya ukurasa ilikuwapo sahihi nyekundu na neno "Safi". Masikio yangu yaliwaka moto.

"Aliyepima yupo?" jaji akauliza. Mama Milimita akasimama. "Mama, siku hii ulipima?"

Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. "Sikupima," akasema.

"Basi kwa nini hukuchora mstari? Siku nyingine ambazo hukupima umechora."

"Nilikosea."

Jaji hakumkaripia. Afadhali angemkaripia, nami nikapata mtu wa kumchukia. Alisema polepole, "Siku kubwa kama hii ikikosewa, na mwalimu akaitia sahihi, hizo nyingine nitaziaminije?" Swali la haki. Tukawa wa nne. Walioshinda walikuwa na matangi ya kuvuna maji ya mvua, na mradi wao ulikuwa mzuri, sitasema uongo.

Njiani kurudi Wakili hakubishana na mtu. Mwenzake mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Miaka kumi na minne, halafu anatuangusha kwa sifuri." Sikumkemea. Asubuhi yake nikafanya baya kuliko hilo: nilimfuata Mama Milimita kwenye chumba cha mafagio, nimekuwa mbogo.

"Kazi ya dakika moja kwa siku," nikamwambia. "Dakika moja tu. Ilikushinda nini?"

Alikuwa anakamua tambara la kudekia. Aliendelea kulikamua hata lilipokuwa halina maji tena.

"Mia moja arobaini na mbili," akasema.

"Nini hiyo?"

"Milimita. Nilipima, mwalimu. Siku ile haikuwa dakika moja. Glasi inabeba ishirini na tano tu. Nilijaza nikamwaga, nikajaza nikamwaga, mara tano, nikaanza ya sita. Mvua ilikuwa imechelewesha shule zote. Mtoto amesimama hapo mlangoni na mkoba wake, ananiambia, mama, nachelewa. Siku zote nilikuwa namvusha mimi. Nikamwambia, tangulia mwanangu, nakuja, namalizia kupima. Niliogopa nikiacha nitasahau nimefika glasi ya ngapi."

Nikampokea lile tambara.

"Kelele zilipoanza, nilikuwa na glasi ya sita mkononi. Nikaisoma kwanza. Ilikuwa kumi na saba. Nikaisoma, ndipo nikakimbia."

Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Ningeiandikaje namba ile? Niliona kama ndiyo niliyombadilisha nayo mwanangu. Mstari nao ulikuwa uongo, kwa sababu nilipima. Wewe ulinifundisha sifuri ni kutazama ukakuta hakuna kitu. Nilikwenda pale mtaroni nikatazama, mwalimu. Hapakuwa na kitu. Jana nilitaka kusema, ulimi ukakataa. Sasa daraja lake nimelikosesha tena mimi."

Nililia mbele yake, mtu mzima na chaki zangu. Mimi niliyekwenda kuzika, niliyeijua tarehe ile kama jina langu, ndiye niliyeandika "Safi" chini yake. Kama ningesoma ukurasa mmoja tu, ningemuuliza mapema, tukiwa wawili, si mbele ya ukumbi mzima. Niliwapigia simu waandaaji. Walinisikiliza kwa upole, wakasema matokeo hayabadiliki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikalifungua lile daftari, nikampa kalamu. Akatikisa kichwa. "Andika wewe. Sahihi ni yako." Nikaikata sifuri, nikaandika 142, nikalikata na lile "Safi", nikatia sahihi upya. Yeye alisimama nyuma yangu akiangalia kama nimeandika sawasawa.

Wakili nilimweleza kila kitu. Alikwenda chumba cha mafagio, akabandika mchoro wake ukutani, wenye vyuma vilivyoshushwa, akatoka bila kubisha chochote. Upo pale mpaka leo. Kule mtaroni bado ni mbao mbili.

Siku hizi nasoma daftari mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi. Siku zinapokuwa kavu, vipimo vyote ni vya saa tatu kamili, kama zamani. Siku za mvua kubwa vimeandikwa saa tatu na nusu, pengine saa nne kasorobo, na kwenye nafasi ya maoni, kwa mwandiko wake wa kulala, kuna maneno yale yale kila mara: Nimechelewa kupima. Nilikuwa navusha watoto.