Kumchagulia Mbweha Risasi

Baba, ndivyo nilivyomwita bosi niliyekuwa dereva wake pale mtaa wa Malaz, alikuwa na shamba nje ya Riyadh, na mbweha mmoja alikuwa akimmalizia watoto wa mbuzi. Basi akanipeleka duka la bunduki nimchagulie risasi. Kwake yeye, kila Mkenya ni mwindaji. Mimi nimelelewa Nairobi. Mnyama mkali niliyewahi kupambana naye ni panya wa jikoni.

Muuzaji akatuwekea aina mbili mezani.

"Yalla, haya, wewe umekua na simba," baba akaniambia. "Ipi?"

Ningesema sijui, lakini nilikuwa namwonea huruma yule mbweha. Nikamuuliza muuzaji, "Ipi haitamtesa?"

Hakucheka. Alieleza kwamba ile nzito na ngumu hupenya mwili mdogo ikatokea upande wa pili, mnyama akakimbia na jeraha, nayo risasi ikaendelea na safari mpaka impate mchunga mbuzi wa watu. Ile nyepesi yenye ncha laini hupasukia ndani, mnyama akaanguka papo hapo.

"Nyepesi," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeua chui.

Ijumaa asubuhi mbweha alikuja. Nililala kifudifudi kando ya baba nikiomba iwe haraka. Bunduki ya baba ikalia, jiwe likatoa vumbi, mbweha akatutazama, kisha akajiendea zake.

"Umechagua vibaya," baba akasema.

"Lakini hajateseka, baba."

Akacheka mpaka akakohoa. Alasiri tulienda kununua waya wa kuzungushia zizi, na huo aliuchagua mwenyewe.